Neno "Kumbukumbu" na Ununuzi wa Vipuri vya Kompyuta

Kijana wa Rubya, wilayani Muleba, atakaye kujiundia kompyuta ya michezo hana budi kuagiza vipuri kutoka mbali, na kuvieleza kwa maneno. Hapo ndipo istilahi zetu zinapopimwa, na kwa maoni yetu neno "kumbukumbu" halifaulu.

Neno hilo limebebeshwa dhana tatu: kipande kinachoshika kazi inayoendelea, ambacho hupoteza kila kitu umeme ukatikapo, diski ihifadhiyo mchezo wenyewe hata mtambo ukizimwa, na sehemu iliyomo ndani ya kadi ya michoro. Aliyeagiza "kumbukumbu ya gigabaiti 16" ameagiza nini? Hata akieleweka, kipande cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR5, na fedha zimekwisha kutoka. Mkulima wa Kihaya haiti kwa jina moja ndizi ya kupika na ndizi ya pombe. Iweje wanaistilahi waridhike na fujo hii?

"Ubao mama" ni tafsiri ya neno kwa neno. Hatuipendi, lakini haimpotezi mtu. Kuhusu ubishi wa "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", umetuchosha: hakuna apataye hasara dukani kwa ajili yake.

Tunapendekeza "kumbukumbu" libakie kwa dhana ya kwanza, "hifadhi" litumike kwa diski, na ya tatu iitwe "kumbukumbu ya kadi". Mafundi husema "ramu"; neno hilo nalo liorodheshwe kando ya la kwanza, maana ndilo muuzaji atakaloandika katika stakabadhi.