Kontua za Mabibo: programu haioni chini ya bati

Ukipita Mabibo, Dar es Salaam, kiangazi unaweza kudhani ni tambarare. Masika yakianza, maji yanakuonyesha mteremko wote hadi Bonde la Msimbazi. Msanifu majengo anatakiwa kuujua mteremko huo kabla msingi haujachimbwa, na chombo chake ni mistari ya kontua.

Kazi ya programu ya kompyuta inayoichora haina siri. Mpima ardhi analeta pointi, kila moja na mahali pake na kimo chake. Programu inaziunganisha tatu tatu kuwa uso wa pembetatu, kisha inaukata uso huo kwa mabapa yaliyolala, tuseme kila nusu mita. Bapa linapokutana na uso ndipo mstari unapopita. Kwenye programu ya Revit unataja tu nafasi ya wima kati ya mistari. Kwenye SketchUp unaweza kuyapanga mabapa mwenyewe na kuamuru yakate. Hesabu ni ileile. Chukua pointi mbili zilizoachana mita 8, moja ina kimo cha 12.30 na nyingine 13.10. Ardhi inapanda sentimita 10 kila mita, kwa hiyo kontua ya 12.50 itapita mita 2 kutoka pointi ya chini, na ya 13.00 mita 7. Hapo programu haikosei.

Kosa huingia mapema zaidi, kwenye chanzo cha pointi. Wengi hupakua vimo vya bure vya SRTM, vilivyopimwa kutoka chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000. Kila kimo kinabeba eneo la takriban mita 30 kwa 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinaweza kumezwa chote na kimo kimoja, na bado programu itakuchorea kontua za nusu mita, laini na za kupendeza, zisizofaa kitu kwa anayetaka kujua mtaro uelekee wapi.

Ndege nyuki ni bora mno. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 ukiungwa mkono na Benki ya Dunia pamoja na COSTECH, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, uliionyesha Dar es Salaam faida ya picha za ndege hizo. Lakini kamera inaona bati. Paa lililo mita 3 juu ya ardhi, likikatwa kila nusu mita, linarundika mistari 6 ukutani, na mtaa uliobanana unageuka kuwa vilima vya mraba. Vipo vichujio vinavyobakiza pointi za chini tu, na barabarani au kwenye uwanja wa mpira vinasaidia kweli. Kwenye kichochoro cha mita moja havisaidii, maana ardhi haikupigwa picha kabisa. Hapo lazima mtu aingie kwa miguu na vifaa vya kupimia.

Akishaingia, asiuruke mtaro. Hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Mtaro wa upana wa sentimita 60 ukipimwa kingo zake tu, pembetatu zinavuka kutoka ukingo hadi ukingo na mtaro unafukiwa ndani ya kompyuta. Zinahitajika pointi za kingo zote mbili na za sakafu, kisha ziunganishwe kwa mistari ambayo programu inakatazwa kuivuka na pembetatu. Ukaguzi wake ni mwepesi: kontua inapofika mtaroni inapinda kama V, ncha ikielekea maji yanakotoka. Ikikatiza moja kwa moja, mtaro haumo kwenye modeli, hata kama umechorwa kwa rangi ya bluu juu yake.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja, ukikabidhiwa mchoro wa kontua usiupokee peke yake. Dai na faili la pointi, uhesabu ngapi zimeangukia ndani ya mipaka yako na ngapi zimo mtaroni.