Uigaji si Jaribio: Juu ya Fasiri Moja ya Fizikia ya Utegili

Imetufikia fasiri ya makala juu ya uigaji wa utegili kwa kompyuta katika mashine ndogo za myeyungano wa viini. Sarufi yake ni safi. Twaihakiki kwa sababu moja: ofisa anayepima maombi ya fedha akiisoma atadhani kwamba mashine inayoelezwa imekwisha kujengwa na kufanya kazi.

Msingi wa mashine hiyo ni ile ya Farnsworth. Ndani ya chombo kilichoondolewa hewa mna matufe mawili ya waya, moja ndani ya jingine. Umeme wa volti makumi elfu huvuta viini vya deuteri kuelekea kati, na baadhi huungana. Huweza kukaa juu ya meza. Lakini umeme unaoingia huzidi kwa mbali nishati inayotoka, na sababu mojawapo ni chembe kugonga waya. Hivyo wataalamu huitafuta kwanza kwenye kompyuta mipango mingine, kama vile kutumia uga wa sumaku mahali pa waya.

Mfasiri ameyaita hayo mara “maigizo ya kompyuta”, mara “majaribio”. Neno la kwanza lampeleka msomaji jukwaani, nalo halidhuru sana. La pili ladhuru. Jaribio hupima; uigaji hukokotoa kutokana na yale tuliyoyakubali tangu mwanzo. Palipoandikwa “jaribio limeonyesha” hapana budi pasomeke “uigaji umekadiria”.

Tena twaambiwa kuwa kompyuta “ilifuata kila chembe”. Haiwezekani. Katika mashine za tokamak sentimita moja ya ujazo huweza kuwa na elektroni trilioni mia moja. Njia waliyoianzisha Buneman na Dawson huko Marekani karibu na mwaka 1960 hutumia chembe chache, kila moja ikisimama badala ya nyingi mno. Twapendekeza ziitwe chembe wakilishi. Uchache wao huzaa mitikisiko ambayo haimo katika utegili wenyewe, na msomaji ana haki ya kulijua hilo.

“Muda wa kifungo” nao haufai. Mfungwa hukaa mpaka siku yake, kisha hutoka mzima. Nishati ya utegili huvuja tangu nukta ya kwanza. Muda unaotajwa ni nishati iliyomo ikigawanywa kwa kiasi kinachopotea kila sekunde. Tuseme “muda wa uzuiaji”, na maelezo hayo yafuate mara moja.

Huenda mfasiri akaona tunapasua unywele. Na akumbuke mashine ya ZETA, huko Harwell, Uingereza. Januari 1958 ilitangazwa kwamba nyutroni zake yaelekea zatokana na myeyungano uletwao na joto. Nyutroni zilikuwapo kweli, ila mwaka uo huo ilibainika kwamba zilitokana na viini vilivyosukumwa na msukosuko wa utegili. Kipimo kilikuwa halali, tafsiri yake ikapotoka. Sasa tarakimu ambayo haikupimwa kabisa itawezaje kuandikwa kama iliyopimwa?

Neno utegili lenyewe tumeliacha, maana latenganisha vizuri na plazima ya damu. Fasiri tumeirudisha ikiwa na alama kila palipo na “jaribio”. Maelezo ya michoro yaandikwe upya yote, kwa kuwa hakuna hata mchoro mmoja unaosema umetoka kwenye kompyuta.