Gawio la Juni na Masurufu ya Januari

Mtu akiuliza habari za hisa, swali lake la kwanza aghalabu huwa ni kiasi gani zinalipa kwa mwaka, na wajuzi wa soko humjibu kwa asilimia. Ni nadra kusikia swali la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito uleule kwa mtu asiyekuwa na mshahara, nalo ni kwamba fedha hiyo hufika mwezi gani. Kwa mkaazi wa Dar es Salaam apokeaye ujira wake kila mwisho wa mwezi, tarehe ya gawio ni furaha ya ziada tu. Kwa mkulima au mchuuzi wa Murukulazo, huko Kagera katika upande wa Ngara na Biharamulo, tarehe hiyo yaweza kuamua kama maharage yake yatauzwa yakiwa ghalani au yatauzwa kwa bei ya kutupa yakiwa bado shambani.

Tuanze na kalenda ya mahali penyewe, maana ndiyo mizani tutakayopimia mengine yote. Msimu wa kahawa katika Kagera hufunguka kama mwezi wa Mei, na fedha za zao hilo huonekana mikononi mwa watu katika miezi ya kiangazi. Vyama vya ushirika vya mkoa huo vina desturi ya zamani ya kumpa mkulima malipo ya kwanza anapoikabidhi kahawa yake, na malipo ya pili baadaye, mauzo yakishakamilika na gharama zikishatolewa. Kwa hiyo dhana ya kupokea stahiki yako kwa mafungu, na fungu la mwisho likitegemea hesabu za wengine, si ngeni hata kidogo kwa watu wa huko. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, fedha hugeuka kuwa mbegu, mbolea na ujira wa vibarua. Kisha huja Januari, shule zikafunguliwa, na mzazi akatakiwa sare, madaftari, na nauli ya mtoto aendaye bwenini. Dhiki ya Murukulazo, basi, hukaa baina ya Oktoba na Januari, ilhali neema yake hukaa katikati ya mwaka.

Sasa tutazame kalenda ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara mwaka 1998. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa humo, zikiwamo benki mbili kubwa za NMB na CRDB, hufunga mwaka wao wa hesabu tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo wakaguzi huingia kazini, hesabu zilizokaguliwa zikatangazwa, bodi ya wakurugenzi ikapendekeza gawio, na pendekezo hilo likangoja idhini ya mkutano mkuu wa mwaka, ambao nao hauwezi kuitishwa ghafla, kwa kuwa sheria inataka wanahisa wapewe notisi ya siku 21. Mkutano wa CRDB kwa kawaida hufanyika Arusha mwezi wa Mei, na ule wa NMB hufuata Juni. Malipo huja karibu na hapo. Ukiongeza kwamba Serikali, ambayo kwa mkono wa Msajili wa Hazina inamiliki asilimia 31.8 ya NMB, hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni na hupenda kuona magawio yake yameingia kabla ya siku hiyo, utafahamu kwa nini Juni imekuwa mwezi wa magawio katika nchi hii. Na Juni 2025 Rais alikabidhiwa Ikulu hesabu ya gawio na michango mingine ya mashirika na kampuni iliyofika shilingi trilioni 1.028.

Utaratibu huo una matokeo ambayo wengi hawayapigii hesabu. Shilingi ambayo benki iliichuma Januari 2024 ilimfikia mwenye hisa katikati ya mwaka 2025, yaani baada ya miezi 17 hivi, na katika muda wote huo ilikuwa ikifanya kazi katika mikono ya benki. Silaumu, ndivyo rasilimali inavyokua. Lakini mtu anayenunua hisa mwezi wa Julai kwa matumaini ya kupata masurufu ya Januari ameikosea kalenda, naye atakaa karibu mwaka mzima pasipo kuona senti, hata kama kampuni aliyoichagua ni njema kuliko zote.

Lipo tena jambo la kufungwa kwa daftari la wanahisa. Kampuni hutangaza siku ambayo majina yatakayokuwamo daftarini ndiyo yatakayolipwa, na kwa kuwa ununuzi katika soko letu hukamilika siku tatu za kazi baada ya biashara kufanyika, mtu aliyenunua jana yake hayumo. Hapa ndipo huzuka werevu wa bure: wapo wanaodhani kwamba waweza kununua siku chache kabla daftari halijafungwa, wakapokea gawio, kisha wakauza na kwenda zao na faida. Soko halikulala. Hisa iliyobeba gawio huuzwa kwa bei iliyobeba gawio, na likishatengwa, bei huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribiana nalo. Kisha mnunuzi huyo amelipa ada ya dalali mara mbili, amekatwa kodi ya zuio, na katika soko lisilo na wanunuzi wengi kila siku huenda akangoja muda mrefu kabla ya kumpata wa kumwuzia.

Tarakimu zitasema vizuri zaidi. Tumkadirie mtu wa Murukulazo mwenye hisa 1,000 za NMB na hisa 5,000 za CRDB. Kwa mwaka 2024 NMB ililipa shilingi 428.85 kwa kila hisa, na CRDB shilingi 65. Ya kwanza inampa shilingi 428,850, ya pili 325,000, jumla 753,850. Na kwa kuwa magawio ya kampuni zilizoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 badala ya 10 inayoyakabili ya kampuni nyingine, kinachobaki mkononi ni shilingi 716,157 na senti kidogo. Ukizigawa kwa miezi 12 utapata shilingi 59,680 kwa mwezi, na hiyo ndiyo hesabu inayopendwa na wauzaji wa matumaini: “kipato cha kila mwezi”. Hakuna mwezi hata mmoja ambao mtu huyo hupokea shilingi 59,680. Hupokea 716,157 ndani ya majuma machache, wakati uleule ambao kahawa yake inalipwa, ambapo kila mwenye jambo kijijini anajua kwamba fedha ipo, na michango ya arusi iko mlangoni. Kisha miezi kumi na zaidi hupita kimya.

Ndiyo sababu nasema kwamba kwa mtu wa Murukulazo gawio la benki haliondoi kupwa na kujaa kwa mapato yake, bali hukuza kujaa na kuacha kupwa kama kulivyokuwa. Angekuwa mvuvi wa Mafia au mwuza duka wa Kariakoo hesabu ingekuwa nyingine. Kanuni za uwekezaji zinazoandikwa mjini huchukulia kwamba mwekezaji ana mshahara, na kosa hilo hurudiwa bila ya mtu kuuliza.

Zipo kampuni zinazolipa mara mbili, gawio la muda likitangulia kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, na gawio la mwisho likifuata baada ya mkutano mkuu. Kampuni ya Bia Tanzania na Kampuni ya Sigara zimekuwa na mazoea hayo kwa miaka mingi. Kwa jirani zetu Kenya, Safaricom, ambayo mwaka wake huishia 31 Machi, hulipa gawio la muda karibu na mwisho wa Machi na la mwisho karibu na mwisho wa Agosti. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 ililipa shilingi 0.55 ya Kenya kwanza, kisha 0.65. Faida ya utaratibu huo si kubadili tarehe peke yake. Shilingi 100,000 zikilipwa Oktoba badala ya kungoja Juni ya mwaka ufuatao zimemtangulia mwenyewe kwa miezi minane, na mahali ambapo akiba huzaa asilimia 10 kwa mwaka, muda huo una thamani ya takriban shilingi 6,700. Fauka ya hayo, huwahi msimu wa kupanda.

Lakini gawio, liwe la muda au la mwisho, si deni mpaka litangazwe kwa idhini inayostahili. Mei 2020, korona ilipoingia, Equity Group ya Kenya iliondoa pendekezo lake la gawio la shilingi 2.50 za Kenya kwa hisa, lililokuwa limekwisha kutajwa hadharani, na waliokuwa wamelipangia matumizi walibaki na mipango yao. Vodacom Tanzania, iliyouza hisa kwa umma kwa shilingi 850 mwaka 2017, nayo imewafundisha wengi kwamba kampuni yenye jina kubwa yaweza kupita katika miaka ya hasara, na gawio likanyamaza. Kwa hiyo ada ya shule ya mtoto haifai kutegemezwa juu ya pendekezo la bodi.

Hatifungani za Serikali zina tabia nyingine kabisa. Riba yake, iitwayo kuponi, hulipwa kila baada ya miezi sita, kwa tarehe zinazojulikana tangu siku ya kwanza hadi siku mtaji utakaporudishwa, nayo haitegemei mkutano wala hali ya biashara. Ukiitazama kalenda ya Murukulazo utaona uzuri wa nambari sita: hatifungani ilipayo Julai hulipa pia Januari, na ilipayo Aprili hulipa pia Oktoba, hivyo karibu kila moja ina mguu mmoja katika kiangazi chenye fedha na mguu wa pili katika majira ya haja. Mwenye uwezo wa kununua mbili tofauti aweza kuipata Oktoba kwa ajili ya shamba na Januari kwa ajili ya shule. Tahadhari moja tu: anayenunua sokoni kutoka kwa mwenzake humlipa riba iliyokwisha kulimbikizwa tangu malipo yaliyopita, kwa hiyo kununua wiki moja kabla ya kuponi si ujanja, ni kurudishiwa fedha yako mwenyewe.

Kadhalika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS imetengenezwa kwa kuzingatia haja hizi. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, haugawi kitu bali hukuza thamani ya kipande. Mfuko wa Jikimu, wa mwaka 2008, una mpango wa kugawa mapato kila robo mwaka. Na Mfuko wa Hatifungani, ulioanza mwaka 2019, una mpango wa kugawa kila mwezi au kila nusu mwaka kwa wale wenye kiasi kinachotakiwa.

Je, mwenye hisa zake za benki aziuze akimbilie penye ratiba nzuri? Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wanaopenda ulinganifu wa miezi. Kuponi ya hatifungani ni ileile tangu mwanzo hata mwisho, nayo hupungua nguvu kadiri bei za vitu zinavyopanda. Ilhali gawio la CRDB lilikuwa shilingi 22 kwa hisa kwa mwaka 2020, likawa 36, kisha 45, kisha 50, na kwa mwaka 2024 likafika 65, yaani karibu mara tatu kwa muda wa miaka minne. Si lazima liendelee hivyo, wala siahidi. Lakini kuuza kitu kilichokua namna hiyo kwa sababu tu kinalipa Juni ni kulipia kalenda kwa bei ya ghali mno.

Dawa ni nyepesi na haina fahari. Mtu wetu wa 716,157 angeweza, fedha ikiingia, kuihamishia siku hiyohiyo katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au mfano wake, ambao hutoa fedha ndani ya siku chache za kazi, kisha akachukua 300,000 Oktoba na zilizobaki Januari. Kwa kadirio la asilimia 10 kwa mwaka, zile 300,000 za miezi minne zingezaa kama shilingi 10,000, na zile 416,000 za miezi saba kama 24,000. Si mali nyingi, ila amejitengenezea gawio la muda ambalo benki yake haikumpa, na amelipwa kwa kazi hiyo. Ugumu wake hauko katika hesabu. Uko katika kuzipitisha fedha hizo Juni na Julai bila ya kuguswa, na jambo hilo kila mtu anajipima mwenyewe.

Nawahimiza wenye hisa, kabla daftari halijafungwa mwakani, wahakikishe kwa madalali wao au kwa msajili wa hisa kwamba akaunti ya benki au namba ya simu iliyoandikwa pale bado inafanya kazi, na kwamba hisa za marehemu zimekwisha kuhamishiwa kwa warithi kwa taratibu za mirathi. Maana magawio yasiyodaiwa yapo katika vitabu vya kampuni nyingi, na fedha hizo hazina mwezi wowote zinaomfikia mwenyewe. Nao watakaohudhuria mikutano mikuu ya Mei na Juni, waulize waziwazi kwa nini benki zenye faida kubwa zisilipe gawio la muda mwezi wa Oktoba.