Kutoka Boma hadi Wodi: Ramani ya Afya ya Kilifi

Mwaka 2000, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilianza kuhesabu wakazi wote wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya wilaya ya Kilifi, ambayo sasa ni ya kaunti. Zilichaguliwa lokesheni 15 ambako wagonjwa wengi wanaolazwa hapo hutoka. Kila boma lilipimwa lilipo kwa kifaa cha setilaiti, na wafanyakazi wa nyanjani wakawa wakirudi takriban kila miezi 4 kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama.

Orodha hiyo iliunganishwa na daftari la hospitali: mgonjwa akilazwa, karani humtafuta kwenye kompyuta kwa jina na makazi. Hapo ndipo penye thamani ya kazi yote. Hospitali peke yake huwajua waliofika tu. Ramani yenye watu ndani yake huonyesha pia kijiji ambacho hakuna mkazi wake anayefika.

Umbali kati ya boma na hospitali ulihitaji hesabu ya uangalifu. Mstari ulionyooka hudanganya sana Kilifi kwa sababu ya hori: boma lililo ng'ambo huonekana liko karibu na hospitali, kumbe wakazi wake hawana budi kuzungukia darajani. (Kabla ya daraja la 1991 walingoja feri.) Kwa hiyo ardhi hugawanywa miraba midogo, kila mmoja ukapewa kasi yake: lami ya Mombasa–Malindi, barabara ya vumbi, njia ya miguu, kichaka. Kompyuta hutafuta njia ya haraka kuliko zote, na kilomita zikageuka dakika, za miguu na za gari. Udhaifu wake ni kwamba masika huharibu barabara ambazo ramani inazihesabu kuwa nzima, na kuwepo kwa gari barabarani hakumaanishi kwamba nauli iko mfukoni.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 na Jennifer Moïsi na wenzake hayakutarajiwa na wengi: kuishi mbali na hospitali hakukuongeza vifo vya watoto wa chini ya miaka 5. Lakini eneo hilo lilikuwa na vituo vingi vya afya, hivyo si haki kuyahamishia matokeo hayo Magarini, kaskazini mwa mto Sabaki, bila kupima upya. Kwa serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa zahanati mwaka 2013, palipo na vituo vya kutosha fedha zinafaa kwenda kwenye dawa na wauguzi kabla ya jengo jipya.