Mizani ya Kupimia Lugha za Kubuni

Fani ya kutunga lugha kwa ajili ya viumbe wasiokuwa wanadamu ina washabiki wengi, lakini wajuao kuipima ni wachache. Kwani aghalabu msikilizaji huvutiwa na ugeni wa matamshi akadhani kila kigeni ni kizuri, ilhali ugeni peke yake ni jambo jepesi, ambalo hata asiyesoma isimu aweza kulifanya kwa kukoroma na kupiga mbinja. Atakaye kutambua kazi ya ustadi na aangalie mambo matatu, ambayo nitayabainisha hasa kwa Kinavi, lugha aliyoitunga mwanaisimu Paul Frommer kwa ajili ya filamu ya James Cameron iitwayo Avatar, iliyotoka mwaka 2009.

Jambo la kwanza ni uteuzi wa sauti. Mchezaji ni mwanadamu, hata akiigiza kiumbe wa sayari nyingine, na kwa hiyo mtunzi hana budi kuchota katika hazina ya sauti za wanadamu. Ustadi wake huonekana katika alizozikubali na alizozikataa. Frommer aliziacha b, d na g, akaweka px, tx na kx, ambazo hutamkwa kwa kufunga koromeo, kuibana pumzi, kisha kuiachia kwa mpasuko, kama wafanyavyo wasemao Kiamhari kule Uhabeshi, na Wahadza wa Tanzania. Marc Okrand naye, mtunzi wa Kiklingoni, lugha nyingine ya kubuni, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985, aliifanya D itamkwe kwa kukunja ulimi nyuma lakini t akaiacha penye ufizi, akiuvunja kwa makusudi ulinganifu ambao lugha za wanadamu huupendelea. Yote mawili ni mapungufu yenye hekima, na sikio huyahisi kabla akili haijayaeleza.

Jambo la pili ni kwamba hesabu iwe na asili. Wanavi, viumbe wasemao Kinavi katika filamu hiyo, wana vidole vinne kila mkono, basi huhesabu kwa nane: vol ni nane, zam ni sitini na nne, vozam ni mia tano na kumi na mbili. Kiklingoni kilihesabu kwa tatu hapo kale, kisha kikahamia kumi; na taarifa hiyo fupi humpa msemaji wake tarehe na mapito, kama vile sita, saba na tisa zetu, zilizotoka Uarabuni zikakaa pamoja na tano na nane za Kibantu, zinavyoshuhudia karne za biashara ya pwani. Hesabu isiyo na sababu mwilini wala katika historia ni pambo tu.

Jambo la tatu ndilo kuu, nalo ni kwamba sauti na hesabu zitii kanuni moja. Katika Kinavi viambishi kadhaa hulainisha konsonanti inayofuata: kelku, yaani nyumba, ikiwa katika wingi huwa ayhelku. Sasa tazama tarakimu. Tatu ni pxey, nne ni tsìng, sita ni pukap, saba ni kinä. Lakini kumi na moja, yaani nane na tatu, ni vopey, kumi na mbili ni vosìng, kumi na nne ni vofu, na kumi na tano ni vohin. Mpasuko wa px umetulia ukawa p, ts imebaki s, p imegeuka f, na k imegeuka h, sawasawa na ilivyo katika nyumba. Kadhalika me-, kiambishi cha vitu viwili, na pxe-, cha vitu vitatu, ndivyo vijengavyo mevol, kumi na sita, na pxevol, ishirini na nne. Hapa hakuna orodha ya kukariri. Kuna nidhamu, na msikilizaji huiamini lugha hata asipojua kwa nini.

Basi, msomaji, ukiletewa lugha mpya usiombe kusomewa shairi wala salamu, maana hizo hupambwa kwa urahisi. Mwombe mtunzi ahesabu mbele yako kupita kikomo cha vidole vya viumbe wake, kisha akuonyeshe kanuni ileile ikifanya kazi katika majina ya vitu. Akiweza, mpe heshima ya fundi. Asipoweza, mshauri arudi mezani, kwa kuwa kazi yake haijakamilika.