Maoni ya Wasomaji Wachanga na Mwanzo wa Uhakiki: Mfano wa Kesses

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuuliza mwandishi amesema nini, na amelisema kwa fani gani. Ni mara chache ameuliza msomaji amejibu nini. Na msomaji mwenye umri wa miaka 12 hadi 15 ni kama kwamba hakuulizwa kabisa. Hata hivyo msomaji huyo yupo. Akimaliza kitabu humsimulia mwenzake, naye mwenzake akiwa amekisoma humpinga, na kabla ya kengele kulia hukumu imekwisha kutolewa: kitabu ni kizuri, au kinachosha, au ni cha uongo. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo. Je, maoni ya namna hii ni porojo za watoto zinazongoja kusahihishwa na mwalimu, au ni uhakiki katika hatua yake ya kwanza?

Mfano umechukuliwa kutoka Kesses, karibu na Eldoret, kwa sababu maalumu. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mackay ilipendekeza Kenya ianzishe chuo kikuu cha pili, na pia mfumo mpya wa elimu ambamo Kiswahili kingekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Pendekezo la kwanza lilizaa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, ambacho bewa lake kuu liko Kesses. La pili lilianza kutekelezwa mwaka 1985 kwa mfumo wa 8-4-4. Kwa hiyo mhadhiri anayefundisha uhakiki wa Kiswahili ndani ya bewa, na mtoto wa jirani anayelazimika kukisoma Kiswahili nje ya ua, ni matunda ya ripoti moja. Umbali wa ardhi kati yao ni mdogo. Umbali wa fikra ndio unaostahili kuangaliwa.

Haki, Kweli na Mwisho

Maoni ya vijana wa umri huu yakisikilizwa kwa makini, huonekana kuzunguka maswali matatu. Je, ni haki? Je, ni kweli? Je, mwisho wake unastahili? Maswali haya hayatajwi kwa majina ya kitaaluma, lakini yote matatu ni ya uhakiki tangu zamani.

Swali la haki linaweza kutazamwa katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, riwaya iliyokuwa kitabu cha kutahiniwa katika sekondari kabla ya Chozi la Heri, na ambayo nakala zake za zamani zingali mikononi mwa kaka na dada wakubwa. Katika riwaya hiyo Amani, kijana maskini, ananyang'anywa matunda ya kalamu yake: Mwalimu Majisifu anautwaa mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani hujifunza kwamba Amani ni mwenye kusamehe. Hiyo ni sifa, nayo ina alama yake. Msomaji mchanga, ambaye hana mtihani wa kitabu hicho, huishia penye swali jingine kabisa: kwa nini amsamehe? Kijana aliyewahi kunakiliwa insha yake darasani anaujua uchungu huo bila kufundishwa.

Ipo tofauti kubwa kati ya kauli hizi mbili. Kauli ya kwanza hufunga mjadala. Ya pili huufungua. Anayeuliza kwa nini Amani asamehe hana budi kurudi katika kitabu kutafuta kile ambacho mwandishi amekiweka katika upande wa pili wa mizani: ulevi wa Majisifu, nyumba yake yenye watoto walemavu, na aibu ya mtu aliyejengewa sifa kwa kazi isiyokuwa yake. Huenda msomaji akatosheka na msamaha huo, huenda asitosheke. Kwa vyovyote vile amefanya kazi ambayo orodha ya sifa haikumtaka aifanye.

Swali la kweli nalo hutokana na mahali msomaji alipo. Siku Njema, riwaya nyingine ya Walibora iliyotoka mwaka 1996, ni safari ya kijana kutoka Tanga hadi upande wa Kitale akimtafuta baba yake. Kwa mhakiki wa pwani safari hiyo ni kwenda bara, mahali pa mbali na pa kigeni. Kwa msomaji wa Kesses ni kuja nyumbani. Kigeni kwake ni Tanga. Anao uwezo wa kulinganisha maelezo ya kitabu na barabara anayoijua, mashamba ya mahindi anayopita kila siku, na baridi ya asubuhi. Akisema kwamba mahali fulani mwandishi amepatia, au amekosea, anatoa ushahidi ambao profesa wa mbali hana.

Kadhalika Ndoto ya Amerika, kitabu cha mwandishi huyohuyo kwa wasomaji wadogo, kinachohusu hamu ya mwanafunzi ya kwenda Marekani. Uasin Gishu ni nchi ya wanariadha, na kwenda ng'ambo si ndoto ya kubuni huko. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipa katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Ufini na Kanada. Kijana aliyeyasikia hayo nyumbani hawezi kukisoma kitabu hicho kama mchezo tu wa wavulana. Huenda akakiona ni cha kweli mno, au akaona kwamba kimelichukulia kwa wepesi jambo lililowaumiza majirani zake. Maoni yote mawili ni halali, na yote mawili hayamo katika mwongozo wowote.

Kuhusu mwisho wa kitabu, mfano bora unatoka Tanzania. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaruhusiwa na hata kufundishwa. Rosa analelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, anaporomoka anapoupata uhuru, na mwishowe anajiua. Waliokikataza kitabu hicho walikuwa na hakika kwamba msomaji kijana angeuiga upotovu na asingeuona msiba. Walikuwa wametabiri maoni yake bila kumwuliza. Si kusudi la makala haya kudai kwamba kitabu hicho kinamfaa kila mwenye miaka 12. Umri ni jambo la busara ya mlezi na mwalimu. Lakini kitabu chenyewe kinauliza ni nani mwenye lawama, binti au baba, na swali hilo linamhusu kijana kuliko mtu mwingine yeyote. Kumwondoa katika baraza linalojadili mwisho wa Rosa ni kuwaachia akina Zakaria peke yao kiti cha hakimu.

Majibu Yanayotangulia Maswali

Kwa nini basi maoni haya hayaonekani katika insha za fasihi? Sababu iko katika mpangilio wa kazi. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, yenye alama 80, humtaka mtahiniwa aeleze, athibitishe, afafanue. Hayo ni mazoezi mema. Ubaya huingia pale mwongozo unaponunuliwa pamoja na riwaya, na pengine kabla yake, hata msomaji akakutana na dhamira kabla ya kukutana na wahusika. Anajua kwamba kitabu kinazungumzia ufisadi kabla hajamchukia fisadi. Uhakiki umetangulia usomaji, kama bibi harusi aliyetolewa talaka kabla ya kuolewa.

Wanafunzi wa Sekondari Msingi wako katika hali tofauti kidogo. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023, vijana wa umri unaozungumziwa hapa wamekuwa na miaka mitatu kabla ya kukabiliwa na fasihi ya sekondari ya juu. Nafasi hiyo ni adimu. Inaweza kujazwa kwa usomaji na mabishano, au kwa maswali ya kujaza mapengo yanayowatayarisha kwa miongozo itakayofuata. Iwapo itajazwa kwa namna ya pili, mtaala utakuwa umebadilika jina na msomaji atabaki yuleyule.

Lugha ya Kubishania

Suala hili lina uzito wa pekee Kesses kwa sababu ya lugha. Watoto wengi wa huko huanza kusema Kikalenjin nyumbani. Kiswahili hukutana nao sokoni na katika matatu, lakini Kiswahili cha kitabu hukutana nao darasani, na darasani lugha hiyo huja ikiwa na kalamu nyekundu. Ni lugha ya ngeli, ya wingi na umoja, ya jibu lililo sahihi na lisilo sahihi. Mtoto anaweza kupata alama nzuri za Kiswahili kwa miaka minane bila kuwahi kumpinga mtu kwa Kiswahili.

Kinyume chake, desturi za jadi zilimpa nafasi hiyo. Katika tangoch, yaani vitendawili vya Wakalenjin, kama ilivyo katika vitendawili vya Waswahili, anayejaribu na kukosa haaibishwi. Kujaribu kwake ndiko kunakouendesha mchezo. Hadhira ya ngano nayo haikukaa kimya: ilidakia, ilicheka, ilimsahihisha fanani aliyeruka sehemu. Kijana aliyezoea kuwa hadhira ya namna hiyo huja shuleni na kugeuzwa mpokeaji.

Anapotoa maoni kuhusu kitabu, basi, anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anakihukumu kitabu, na anaimiliki lugha. Mara nyingi ataanza kwa lugha mchanganyiko: Kikalenjin kidogo, Kiingereza, Sheng. Mwalimu anayemkatiza kwenye sentensi ya kwanza ili amsahihishe upatanisho wa kisarufi huokoa kiambishi na kupoteza hoja. Afadhali hoja ifike mwisho, kisha itafutiwe maneno: "hii si haki", "haiaminiki", "mwandishi amempendelea huyu". Hayo ni maneno mepesi, nayo ndiyo mizizi ya istilahi. Anayeweza kusema kwamba mhusika fulani habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho atalipokea neno "mhusika bapa" kama chombo. Asiyeweza atalikariri kama jina la mtu asiyemjua.

Mipaka ya Maoni

Hapana budi, hata hivyo, kujihadhari na kosa la upande wa pili. Si kila maoni ni uhakiki. Anayesema kitabu ni kibaya kwa sababu ni kinene hajahakiki kitu, na kumsifu kwa kuwa ni mtoto ni kumdharau kwa njia ya upole. Kipimo kinachofaa ni kimoja, nacho kinamfaa mwenye miaka 13 kama kinavyomfaa mhadhiri: ni wapi katika kitabu? Msomaji anayedai Amani amekosea kusamehe afungue ukurasa. Mwenzake anayempinga naye afungue wake. Kurasa mbili zikiwekwa mbele ya darasa, mwalimu hahitaji tena kuwa mwenye jibu. Anakuwa mwamuzi, tena mwamuzi anayeweza kushindwa. Huenda hilo ndilo linaloogopwa zaidi.

Kipimo hicho kinahitaji pia vitabu vyenyewe. Nakala moja ya mwalimu inayosomwa kwa sauti mbele ya darasa hutoa wasikilizaji, lakini haitoi watu wanaoweza kubishana kwa kurasa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maoni ya wasomaji wachanga hujengwa juu ya haki, kweli na mwisho. Kwamba mtindo wa majibu yanayotangulia usomaji huyazima. Na kwamba mahali kama Kesses, maoni hayo ndiyo mlango ambao Kiswahili hupitia kutoka kuwa somo hadi kuwa lugha ya mtu. Idara za lugha haziwezi kulitazama jambo hili kama la shule za chini tu. Mwanafunzi anayefika chuoni akiweza kuorodhesha dhamira kumi, lakini anayenyamaza aulizwapo kama kitabu ni kizuri, hakuzaliwa na ukimya huo. Alipokuwa na miaka 13 alikuwa na jibu, na alilisema kwa sauti kubwa njiani akitoka shule. Kazi ya idara ni kulitafuta jibu hilo kabla halijasahauliwa, na kumdai mwenye nalo ukurasa.