Manesi wako wapi? Nimesoma Five Days at Memorial

Nilikifungua kitabu hiki cha Sheri Fink nikitegemea habari za mafuriko. Nilipofika katikati nikagundua kwamba ninachokifuatilia hasa ni mikono ya manesi.

Kwa ambaye hajakisoma: kimbunga Katrina kilipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005. Maji yakaizunguka hospitali ya Memorial, na alfajiri ya Jumatano jenereta zikazima. Joto likapanda, lifti hazifanyi kazi, vyoo havitumiki. Baadaye zilitolewa maiti 45 humo ndani. Fink, ambaye kasomea udaktari, aliandika kwanza makala iliyompa tuzo ya Pulitzer mwaka 2010, kisha kitabu hiki mwaka 2013.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonishika. Mashine za kupumulia zimezimika, basi nesi anakamua mfuko wa hewa kwa mkono wake, anapokezana na mwenzake, gizani, mgonjwa akiteremshwa kwa ngazi. Wagonjwa wanapitishwa kwenye tundu la ukuta wafike kwenye maegesho ya magari, na kutoka hapo wapandishwe hadi kiwanja cha helikopta. Jamani, hakuna mkataba wa ajira ulioandika hayo. Na hakuna msomaji atakayeuliza kibali kiko wapi. Fink hatii chumvi. Anataja ngazi, anataja joto, anaendelea.

Halafu inakuja Alhamisi. Daktari Anna Pou na manesi wawili walishutumiwa kuwadunga wagonjwa mofini na midazolamu. Mmoja wa waliokutwa na dawa hizo mwilini alikuwa mwanamume wa miaka 61, mwenye kilo zaidi ya 170, hawezi kutembea, lakini akili timamu na asubuhi ile alikuwa amekula. Pou alisema alitaka kupunguza mateso, si kuua. Watatu hao walikamatwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata manesi wakapewa kinga ili watoe ushahidi, na jopo la wananchi likakataa kumshtaki Pou.

Hapa ndipo nina ugomvi na kitabu. Sehemu ya pili inahamia kwa mawakili, wapelelezi na vyombo vya habari, na nesi anageuka kivuli cha daktari. Sawa, ushahidi wao ulitolewa faragha. Lakini kwangu swali gumu zaidi ni la nesi. Daktari ana mamlaka ya kuagiza. Nesi anatekeleza, na agizo likiwa na kasoro anapaswa kulihoji. Sasa huyu amekaa siku kadhaa akivuka mpaka wa kazi yake kila saa, na kila alipovuka alionekana shujaa. Siku ya nne atajuaje kwamba mpaka ulio mbele yake ni wa aina nyingine? Bryant King alipinga mjadala wa kuharakisha vifo, na tunamsikia vizuri. Ila King ni daktari. Mimi nilitaka kumsikia nesi aliyesema hapana, au aliyetaka kusema akanyamaza.

Pou baadaye alisaidia kupatikana kwa sheria za Louisiana zinazowakinga wahudumu wa afya wakati wa majanga. Fink analieleza hilo kwa utulivu ambao ulinikera kidogo, lakini pengine ndio ustadi wake: hakusukumi.

Nilimsimulia kisa hiki shangazi yangu kwa simu. Alikuwa nesi wa zahanati ya kijijini, daktari wa karibu yuko mwendo wa nusu siku, na alifanya mengi ambayo cheti chake hakikumruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: “Hao manesi waliulizwa au waliambiwa?”

Nimerudi kwenye kitabu mara mbili. Sijapata cha kumjibu.